Sufuria ya Mama Freha

Kwa miaka kumi na minne Elkana Buzaglo, mwalimu mstaafu wa jiografia, aliamini kwamba mji wa Safed unamsoma. Ushahidi alikuwa nao. Kila Ijumaa alisambaza nakala sitini za karatasi yake, Kijiko cha Asali, katika masinagogi matatu ya mtaani, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kuiona hata moja jalalani. Ilimchukua muda mrefu kukumbuka kwamba kwetu karatasi yenye maneno ya Torati haitupwi jalalani. Huwekwa stoo pamoja na vitabu vilivyochakaa, ikingoja siku ya kuzikwa makaburini. Kijiko cha Asali hakikuwa kikisomwa. Kilikuwa kikizikwa kwa heshima.

Kazi yake ilikuwa kuchukua fungu la Torati linalosomwa wiki hiyo na kulikamua mpaka litoe funzo la nyumbani. Kwa Nuhu alikamua uvumilivu wa kukaa na wakwe ndani ya nyumba moja wakati wa mvua. Kwa Esau na ule mchuzi wa dengu alikamua kwamba mtu asifanye biashara akiwa na njaa. Mkewe Zohara aliyasikiliza yote hayo akiwa anaosha vyombo.

"Mwalimu," alimwuliza siku moja, "katika vitabu vyote vitano hakuna hata aya moja inayomwambia mwanamume aoshe kikombe chake?"

Elkana alimjibu kwamba atatafuta.

Balaa lilianza baada ya Pasaka, wiki ya fungu la ukoma. Waandishi wengi hulikimbia fungu hilo, maana limejaa vidonda na mapele. Elkana hakukimbia. Alijua kwamba mbele kidogo kuna habari ya nyumba inayoota mabaka ya kijani au mekundu ukutani, na kuhani anaagiza vyombo vyote vitolewe nje. Wazee wetu wa kale walisema pigo hilo humpata bahili. Jirani amekuja kuazima chekecheo, yeye akasema sina. Basi Mungu anautia ukuta mabaka, vyombo vinaanikwa barabarani, na mtaa mzima unakiona chekecheo.

Funzo tamu kama hilo lilidai mfano hai, na mfano alikuwa nao tayari. Kabla ya Pasaka alikwenda kwa Yihya Dahari, fundi wa mapaa na mabomba, kuazima ngazi. Alitaka kuisafisha taa iliyotundikwa sinagogi kwa kumbukumbu ya mama yake. Yihya alisimama mlangoni, akasema, "Ngazi sina, kaka," akafunga mlango. Fundi wa mapaa, hana ngazi! Elkana alirudi nyumbani akinung'unika njia nzima.

Basi aliandika. Aliandika kwamba kuna fundi mmoja, si mbali na hapa, anayepanda mapaa ya watu kila siku lakini ukimwomba ngazi anasema hana, na huyo akauchunguze ukuta wake. Jina hakulitaja, na alijisifu sana kwa uungwana huo. Mtaa wetu una fundi wa mapaa mmoja tu.

Sabato hiyo Elkana aliona jambo ambalo hakuwahi kuliona tangu aanze kuandika. Watu walikuwa wanasoma Kijiko cha Asali. Wengine walikisoma katikati ya sala, wakigusana viwiko. Yihya alikisoma pia. Alikikunja mara nne, akakitia ndani ya kitabu chake cha sala, akatoka kabla ya ibada kwisha. Elkana alimtazama akitoka, akamshukuru Mungu kwamba neno limemwingia mtu.

Jumapili alfajiri mzee Makhluf, msimamizi wa sinagogi, alihesabu waliofika. Sisi watu hatuwahesabu kwa namba, ni mwiko. Tunatumia aya ya Zaburi yenye maneno kumi, kila mtu na neno lake. Makhluf aliisoma taratibu akinyoosha kidole, na watu wakamwishia kabla ya neno la mwisho. Neno la mwisho la aya ile ni "milele". Asubuhi hiyo halikuwa na mtu.

Bila watu kumi Kadishi haisemwi, na Kadishi ndiyo sala ambayo mtoto humsemea mzazi aliyefariki kwa miezi kumi na moja. Elkana alikuwa amemsemea mama yake, marehemu Freha, kila siku bila kukosa, kwenye baridi na theluji. Zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili.

"Tusubiri kidogo," alisema.

"Tumesubiri robo saa," Makhluf alijibu. "Yihya haji. Kwani hujui kwa nini haji?"

"Sikutaja jina la mtu, mzee."

"Ungelitaja ingekuwa nafuu. Mtu akitaka kuandika jina, mkono humtetemeka kidogo. Wako haukutetemeka hata kidogo."

"Lilikuwa funzo tu."

"Basi nasi tumefunzwa. Wewe ndiye uliyemtoa, nenda kamlete. Heri kujikwaa kidole kuliko ulimi, mwanangu, na wewe umejikwaa na mashine ya kuchapa juu yake."

Hakwenda. Alikuwa na sababu nzuri, kama kawaida ya mtu mwenye hatia. Magoti yalimuuma. Kwa Yihya kuna ngazi za mawe mia moja na kumi. Na zaidi ya yote, aliyoandika yalikuwa kweli. Angeweza kwenda sinagogi kubwa la chini ya kilima akaseme Kadishi huko, lakini wangebaki wanane katika sakafu ambayo mama yake aliifagia miaka arobaini, na huko chini wangemwuliza amefuata nini. Jumatatu ikapita. Siku mbili sasa mama yake hakusemewa neno, na Elkana alianza kulala vibaya.

Jumanne alikaa mezani kuandika karatasi ya wiki inayofuata. Fungu lenyewe ndilo lile lenye amri, "Mpende jirani yako kama nafsi yako." Wakati mwingine Torati haina aibu hata kidogo. Aliandika kichwa cha habari, akanywa chai, akakipigia mstari kichwa cha habari, akanywa chai tena.

"Elkana!" Zohara aliita kutoka chumbani. "Hebu njoo uone ukuta."

Nyuma ya kabati kubwa lilichomoza baka la kijani, upana wa sinia, lenye ukingo mwekundu.

"Ni unyevu," alisema Elkana.

"Imeandikwa mwenye nyumba aseme 'naona kama pigo'. Hata akiwa msomi asiseme kwa uhakika. Si ulituandikia wewe?"

"Ulisoma?" Moyo wake ulimruka kwa furaha, mjinga yule.

"Mtaa mzima umesoma, mume wangu. Na msiba wenyewe ndio huo. Toa vyombo."

Kabati lilikuwa zito, haliondoki mpaka liwe tupu, na chumba hakina nafasi. Vitu vikaenda kichochoroni. Ventura, jirani wa ng'ambo, alishika kingo za roshani yake akatulia kama mtu aliyekata tiketi.

"Kuhani keshafika?" aliuliza. "Au naye ameogopa?"

"Bomba linavuja, mama," Elkana alijibu akihema.

"Ndivyo wasemavyo wote."

Yalitoka maboksi kumi na moja ya Kijiko cha Asali. Ukatoka mwavuli wa Makhluf, uliotafutwa tangu mwaka juzi. Kilitoka kiti cha sinagogi. Mwishoni kabisa, imefungwa shuka, ikatoka sufuria ya shaba ya Mama Freha, ile ya kupikia kuskusi ya watu sitini. Shuka liliteleza, na shaba ikang'aa mbele ya majirani saba.

Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililomtisha Elkana.

"Hiyo si sufuria ya Freha?" Ventura aliuliza polepole. "Si ulimwambia Yihya iko Ashdodi kwa dada yako?"

Alimwambia hivyo, kweli. Wakati wa Hanuka, sikukuu ya majira ya baridi, Yihya alikuja kuiomba kwa uchumba wa binti yake, maana hakuna uchumba wa mtaa huu ambao haukupikiwa ndani ya sufuria ile. Lakini ilikuwa miezi sita tu tangu mama afariki, na Elkana hakuweza kuvumilia iende kwenye moto wa mtu mwingine. Alihisi bado ina harufu ya mama. Kusema kweli ilikuwa na harufu ya sabuni. Akasema iko Ashdodi, akaifunga shuka, akajitahidi kusahau, na kwa kusahau alikuwa na kipaji. Kwa Yihya walipika kwenye visufuria vinne vya kuazima, na wageni wa mwisho walikula mkate.

"Nyani haoni kundule," alisema Ventura, akaingia ndani.

Elkana aliona aibu. Aliwahi kuandika makala sita kuhusu aibu, akagundua sasa kwamba alikuwa haijui. Ilimfanya atake kukaa chini pale pale kati ya maboksi yake. Mama yake hakuwahi kumnyima mtu sufuria ile maishani mwake. Alikuwa amemlilia karibu miezi kumi na moja huku akiwa amemfungia kabatini.

Hakusubiri kubadilisha shati. Sufuria haikuenea mikononi, kwa hiyo alijitwisha kichwani na kupanda zile ngazi mia moja na kumi mchana wa jua, mwalimu wa jiografia aliyevaa shaba. Watoto wawili walimfuata mpaka mlangoni.

Yihya alifungua. Alimtazama Elkana, akaitazama sufuria.

"Ashdodi hawajambo?" aliuliza.

"Haikwenda Ashdodi. Nilikudanganya."

"Nilijua. Shusha basi, shingo ikikatika hapa itaandikwa kwamba nimeivunja mimi."

Elkana aliishusha. "Na ya ngazi pia, Yihya. Nilikuandika."

"Nilikuambia sina ngazi. Sikusema sikupi. Sina!" Yihya aligeuka kuangalia kama mkewe yuko karibu, akapunguza sauti. "Tangu baridi kichwa kinazunguka. Nikipanda hata kiti naona dunia inageuka. Niliiuza kabla ya Pasaka. Sikumwambia mtu, nikasema nitaishi na kazi za mabomba, watu wasijue. Sasa kila ninayekutana naye ananiuliza ngazi iko wapi. Wawili wameshaniambia wamepata fundi mwingine."

Elkana alijifuta jasho usoni. Kisha, kama mlevi anayeonyeshwa chupa, akapata wazo.

"Nitaandika! Wiki hii, kwa herufi kubwa. Nitakuomba radhi mbele ya wote."

"Uandike nini? Kwamba Yihya si bahili, ni mgonjwa?" Yihya alimshika bega, si kwa upole. "Usiniandike. Hata kunisifu usinisifu. Umenisikia, mwalimu?"

"Nimekusikia. Nilikukosea, Yihya. Nisamehe."

"Na mimi nimekusikia," alisema Yihya. Aliivuta sufuria ndani, akafunga mlango.

Jumatano ilikuwa tena bila Kadishi. Elkana aliizunguka Safed akizikusanya karatasi za wiki iliyopita. Kwenye kila mlango alisema maneno yale yale: "Yule fundi hakunidanganya. Nilimsingizia mimi, sikumwuliza." Wale waliotaka kujua ngazi ilikwenda wapi aliwaambia haiwahusu, na yeye pia haikumhusu. Wale wateja wawili aliwaendea wa kwanza. Mmoja alikubali kumrudia Yihya kwa kazi ya mabomba, mwingine alisema atafikiri. Kati ya nakala sitini alipata arobaini na moja. Hizo kumi na tisa ziko wapi hajui mpaka leo.

Karatasi ya wiki hiyo ilikuwa fupi kuliko zote. Chini ya "Mpende jirani yako" aliandika kwamba mtu wa mtaa huu, jina lake Elkana Buzaglo, alikuwa na sufuria akasema hana, na kwamba sasa sufuria ipo kwa yeyote anayeihitaji. Zohara aliisoma amesimama jikoni, akatikisa kichwa, akamwonyesha kikombe chake. Elkana alikiosha.

Alhamisi alfajiri Makhluf aliisoma aya. Kidole kilipita kwa mmoja mmoja, kikafika kwa Elkana kwenye neno la tisa, kikabaki hewani. Wakasubiri. Elkana aliitazama taa ya mama yake, ambayo bado ilikuwa na vumbi la miezi mingi.

Mlango ulisukumwa kwa goti. Yihya aliingia na sufuria, akaiweka sakafuni kwa kishindo, akajifunika shali yake ya sala bila kumtazama mtu. Kidole cha Makhluf kilishuka juu yake.

"Milele," alisema Makhluf.

Elkana alisema Kadishi. Katikati sauti ilimkatika, akalazimika kuanza neno upya, na wale tisa wakamngoja. "Amina" ya Yihya ilisikika kuliko zote, au pengine ndiyo pekee aliyokuwa akiisikiliza.

Ibada ilipokwisha alimfuata Yihya mlangoni. "Kwa nini umeirudisha? Kaa nayo mpaka harusi ya binti."

"Harusi bado wiki tano. Nitakuja kuichukua, na safari hii usinitajie Ashdodi." Yihya alifunua mfuniko. Ndani mlikuwa na mikate ya kimanga kumi ya Kiyemeni, laini, bado ya moto. "Mama yako alinipikia harusi yangu humu. Siku nairudisha ikiwa tupu alinifukuza mlangoni. Kuleni, kisha uipeleke kwa Ventura. Jumapili wana tohara ya mjukuu."

"Ameniomba lini?"

"Hajakuomba wewe. Kaniomba mimi."

Walikula wote kumi wakiwa wamesimama. Kisha Elkana alijitwisha sufuria akashuka nayo kichochoroni, na kabla hajafika kwa Ventura watu watatu walikuwa wameshamsimamisha kumwuliza itakuwa huru lini.