Alama ya Shaba ya Mto Uhai

Nchi ya Azimio ilisifika kwa viapo kama nchi nyingine zinavyosifika kwa karafuu. Raia wake walikuwa wakarimu na wapenda amani, lakini walikuwa na dosari moja iliyozishinda fadhila zao zote: jambo lililokwisha kuapiwa walilihesabu kuwa limekwisha kutendwa.

Mto Uhai ulizinywesha nchi saba, na kila nchi ilisimamisha mtoni nguzo ya mvule yenye alama ya shaba. Kila mwaka Baraza la Nchi Saba lilikutana Makofi, mji mkuu wa Azimio, likaapa kwamba maji hayatashuka chini ya alama. Maji yalishuka, kwa kuwa msitu wa Rehema, ulikozaliwa mto, ulikatwa bila huruma. Basi kabla ya kila mkutano seremala wa serikali aliing'oa alama na kuipigilia chini zaidi, hata ikagusa maji. Wajumbe walitazama, wakapiga makofi, wakala pilau. Nathubutu kusema hakuna mto uliopata kusifiwa vile huku ukiuawa.

Mpimaji mkuu wa maji alikuwa Yakini binti Bidii. Alianza kazi kwa kushika kamba ya kupimia, akasafiri nchi nne kutafuta elimu ya maji na miti, akarudi kuwa mjumbe wa Azimio barazani. Kwa miaka kumi na tisa aliandika kweli katika taarifa zake, nazo zilipongezwa na kufungiwa kabatini. Mwaka wa ishirini alichoka kupongezwa. Alimpokonya seremala nyundo, na wajumbe walipofika waliikuta shaba juu na maji shibiri nzima chini yake.

Alishtakiwa siku iyo hiyo, mbele ya wajumbe wote, kwa kulifedhehesha taifa. Waziri Majivuno alitaka avuliwe kazi na kufukuzwa nchini.

"Mheshimiwa Kadhi," alisema Yakini, "sina utetezi. Naomba mahakama iteremke mpaka kwenye nguzo."

Kadhi Insafu, mzee mnene, aliteremka ukingoni, viatu mkononi. Juu ya alama aliona matundu ya misumari, akayapapasa moja moja akihesabu kwa sauti. Yalikuwa kumi na tisa, na la kwanza lilipita kimo cha mtu.

"Hizo ndizo taarifa zangu," alisema Yakini. "Chini ya alama zimesalia shibiri tatu, kisha tope. Zikiisha, msumari utapigiliwa wapi?"

Kadhi alimgeukia seremala, Mzee Mtiifu. "Wewe ndiwe fundi. Jibu."

Mzee Mtiifu alivua kofia. Machozi yalimlengalenga. "Tope halishiki msumari, Bwana Kadhi. Nilijua tangu mwaka juzi. Nilitumwa tu."

"Mheshimiwa, tutaaibika mbele ya mataifa!" alifoka Waziri.

"Na tuaibike, Mheshimiwa Waziri," alijibu Yakini. "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi mto huu nauona unakufa kila siku, na nimechoka kuusomea hotuba."

Kadhi alihukumu hapo hapo, miguu ikiwa topeni: mshtakiwa hana hatia; alama irudishwe kwenye tundu la kwanza; na shoka lisiingie Rehema mpaka maji yaifikie. Yakini alipanda ngazi akaipigilia mwenyewe. Shaba iling'aa juu ya vichwa vya wajumbe, na kwa mara ya kwanza katika mji ule hakuna aliyepiga makofi.

Alipokuwa akishuka, mjumbe wa nchi jirani ya Tulizo alimsogelea.

"Binti Bidii," alinong'ona, "nguzo yetu nayo ina matundu."

"Mangapi?"

"Kumi na manne."

Yakini alikuwa amemnyooshea Mzee Mtiifu nyundo yake. Aliirudisha kwapani.

"Tangulia, ndugu yangu," alisema. "Nakufuata."