Mfalme wa Mkekani, Kiwangwa

Nakutegea wewe uliyeketi hapo: ana kiti, ana taji, watu wanamwinamia, lakini mboga ikikosa chumvi hana la kusema. Nani huyo? Umeshindwa? Nipe mji basi. Kerege? Haya, nimekwenda Kerege, nimekula, nimeshiba, nimerudi. Ni mfalme wa katiba!

Mwinyijuma wa Kiwangwa naye hakumjua, mpaka mjukuu wake Samia alipomsomea kwenye simu habari za Laos, nchi ya huko Asia. Zamani ilikuwa na mfalme. Kazi yake mfalme ni kukaa. Waziri mkuu ndiye anayehangaika.

"Kukaa tu?" Mwinyijuma macho yakamtoka. Shamba lake la mananasi lilikuwa limejaa magugu, na miba ya mananasi haina adabu kwa miguu ya mzee.

Asubuhi yake akatangaza ufalme. Medard, jirani Mnyamwezi, mtani wake wa siku nyingi, akamvika kichwani majani ya nanasi.

"Mzaramo katawala! Dunia imekwisha!"

Mkewe, Bi Shufaa, hakubisha. "Mimi waziri mkuu," akasema. "Mambo yote ya serikali ni yangu."

"Chukua," akajibu mfalme, akajinyoosha mkekani.

Mwanzo raha tupu. Kisha serikali ikapika mchicha. Ikapika mchicha tena. Redio ikahamia jikoni. Mfalme akifungua mdomo, Bi Shufaa anamwinamia: "Mtukufu, katiba."

Ndipo Medard akaja akamkwapua Kanali, jogoo ambaye Mwinyijuma alimlea tangu kifaranga, akimlisha kwenye kiganja.

"We mtani, weka chini!"

"Nimeshachukua. Nani anamkomboa?"

Mtani hakasirikiwi, alichonyakua unakikomboa. Lakini kukomboa ni jambo la serikali. Mwinyijuma akamgeukia mkewe.

"Waziri mkuu, mpe chochote."

"Nitampa tetea wangu. Ila kwanza niambie, shamba atapalilia nani?"

Mfalme akakohoa. Akamgeukia mjukuu wake.

"Samia, ule ufalme wa Laos uliishaje?"

"Uliondolewa mwaka 1975, babu. Mfalme akajiuzulu, akapewa cheo cha mshauri."

"Alaa! Basi nami najiuzulu. Mimi mshauri!"

"Mshauri anapalilia?" akauliza Bi Shufaa.

"Anawashauri wanaopalilia."

"Medard, kwako maji yamechemka?"

"Yanatokota, shemeji." Medard akaanza kuondoka, anampapasa Kanali shingoni. "Supu ya kifalme hii, nitakula na mfupa."

Kanali akalia, kilio cha kukata maini. Mwinyijuma akainuka kwa pupa, majani ya nanasi yakamporomoka usoni.

"Nauliza tena, mume wangu," Bi Shufaa akasema. "Shamba atapalilia nani?"

Medard alikwishafika uani.

"Mimi!" akapiga kelele Mwinyijuma, huku anatafuta jembe. "Mimi, mke wangu! Mwambie amshushe!"