Jalada la Kabati la Chuma

Saa nne kasoro, Mzee Masjala alishapanga foleni tatu na kurudishwa dirisha lile lile la kwanza. Jina hilo walimpa majirani, maana miaka thelathini na moja alitunza majalada humu humu ndani, masjala ya ofisi ya ardhi. Leo yuko upande wa pili wa kioo, kofia mkononi.

"Mwanangu, nataka kuona ramani ya mtaa wetu tu. Nyumba yangu imepigwa alama nyekundu, kesho tingatinga linakuja. Ramani inaonyesha barabara inapita ng'ambo ya mtaro. Jalada namba mia nne na kumi na mbili, kabati la chuma, chini kushoto."

Binti wa masjala akacheka. "Babu, umejuaje? Unaagua?"

"Nililiweka mimi."

Binti akaingia ndani. Mzee akavuta pumzi: harufu ile ile, gundi na vumbi. Enzi zile walikuwa watatu, redio juu ya kabati, vikombe vya bati dirishani. Mtu akija na shida anavutiwa kiti, anafunuliwa jalada, anasoma mpaka achoke mwenyewe.

Binti akarudi amelikumbatia jalada. Lo! Uzi wa kijani, na fundo lake mwenyewe, kitanzi kimoja kushoto. Tangu astaafu hakuna aliyeligusa. Moyo ukamruka kama kamwona mtoto wake stendi.

"Samahani babu. Limegongwa muhuri wa SIRI. Raia haruhusiwi."

Mzee akacheka mpaka machozi. Mwaka ule mchwa walikula nusu ya masjala. Kabati la chuma lilikuwa moja tu, na bosi alisema humo haliingii jalada lisilogongwa SIRI. Basi akagonga. Ramani zote za mitaa akazigonga, mkono ukamvimba, ili watu wasije wakazikosa.

"Nimegonga mimi, mwanangu! Kwa sababu ya mchwa!"

"Nakuamini. Ila wa kuufuta huo muhuri ni mkurugenzi, na kasafiri mpaka wiki ijayo. Andika barua."

"Nitaiandikia wapi, kwenye kifusi?"

Binti akainama, akamsogezea kitabu cha wageni asaini. Safu ya "Amehudumiwa" ilishajazwa NDIYO mpaka chini. Mzee akaikata NDIYO ya mstari wake, akaandika kwa mwandiko wake wa zamani, taratibu, na tarehe na saa: *Jalada 412 lipo. Nimeliona. Sikufunguliwa.*

"Mchwa bado wapo?" akauliza.

"Tele, babu. Kabati hilo tu ndilo hawaingii."

"Basi na kitabu hiki kitie humo."