Bibi Mkunga na Mfumo wa Bure

Kabla hakujapambazuka, feni ya kompyuta ilianza kukwaruza. Krr, krr, krr, kama panya anayetafuna gunia. Bibi Mkunga aliiwasha kwanza, ndipo akaenda kutafuta miwani na ndala zake, maana mashine ile ilichukua muda kuamka, kama mzee mwenzake.

Binti yake aliolewa mbali, ng'ambo, ambako watu hulala wakati huku wanaamka. Alikuwa na mimba ya kwanza na siku zake zilikaribia. Bibi Mkunga alikuwa amezalisha nusu ya mtaa ule kabla ya kustaafu. Baadhi ya watoto wake wa mkono sasa wana vipara. Lakini mjukuu wake mwenyewe angepokelewa na watu asiowajua. Hakunung'unika. Alitaka jambo moja tu: siku ikifika, binti yake auone uso wa mama yake.

Uso wa binti ulitokea kwenye kioo. "Mama, leo kanipiga teke la..." Ukaganda hapo hapo, mdomo wazi. Kisha yakaja maandishi kwamba mfumo wa kompyuta hii umepitwa na wakati, na programu ya simu za picha haitafanya kazi tena.

Bibi Mkunga alibonyeza hapa, akabonyeza pale. Wapi! Simu yake ya mkononi ilikuwa ya vitufe, ya kusikia sauti tu. Alikaa akitazama kioo mpaka jua likaingia dirishani.

Jirani alikuwa anamwagilia maua upande wa pili wa ukuta. Alikuwa mshonaji mstaafu mwenye ulimi mkali kama mkasi wake.

"Nunua mpya," alisema. "Hiyo yako imezeeka."

"Hata wewe umezeeka, mbona hatujanunua mwingine?"

Jirani alicheka mpaka maji yakamwagikia miguuni. Lakini Bibi Mkunga alipomwambia amesikia kwamba kuna mfumo mwingine unaoweza kuwekwa kwenye mashine ya zamani, wala hutozwi kitu, akaacha kucheka. "Wa bure? Shoga yangu, rahisi huvunja upishi. Atakayekupa kitu bure leo, kesho atakuja kuchukua nyumba."

Maneno hayo yalimwingia Bibi Mkunga. Hata hivyo alimwita fundi wa kompyuta, binti aliyezaliwa kwenye ngazi za wodi kabla mama yake hajafika mlangoni. Tangu siku ile aliitwa Chapuchapu, na jina halikuwahi kumbana wala kumpwaya.

Alikuja mbio, akakaa, akaanza kueleza. Mfumo huu ni huria, Bibi. Yeyote anaweza kusoma ulivyotengenezwa. Virusi ni nadra. Hakuna kampuni inayokulazimisha kununua mashine mpya. Huku anasema, mkono wake mmoja umechomeka flashi, mwingine umeshika kipanya, na kufumba na kufumbua kioo kikabadilika: rangi nyingine, vitufe vingine, picha ya mlima asioujua mtu.

"Umeona, Bibi? Rahisi!"

"Picha zangu ziko wapi?"

"Zipo, zipo."

"Wapi? Picha za babu yako?"

"Zimo ndani, Bibi, sijazigusa, huu ni wa majaribio tu, unatoka kwenye flashi, ni kwamba sasa..."

"Zima," alisema Bibi Mkunga. "Nirudishie nyumba yangu, mwanangu."

Chapuchapu alizima, akachomoa flashi, akawasha upya. Kila kitu kikarudi mahali pake, na picha za marehemu mumewe pamoja na maandishi yale yale ya kuvunja moyo. Bibi Mkunga alikwenda jikoni kumtengenezea chai ya kuagia. Binti wa watu aliimaliza yote, ingawa kwa kiwewe Bibi alikuwa ametia sukari mara mbili.

Asubuhi iliyofuata Bibi Mkunga aliwasha mashine kwa mazoea tu. Akasubiri krr, krr. Kimya. Akadhani imekufa. Akainama, akaweka sikio. Feni ilikuwa inazunguka taratibu, inapumua kama mtoto aliyelala. Pembeni palikuwa na kirundo cha vumbi, juu ya kipande cha karatasi kilichokunjwa kingo vizuri ili vumbi lisimwagike.

Kumbe wakati yeye yuko jikoni, Chapuchapu aliifungua ile mashine na kuisafisha. Alifukuzwa, akasafisha. Wala hakusema.

Bibi Mkunga alikaa na ile karatasi mkononi. Kisha akachukua simu yake ya vitufe.

"Mwanangu, njoo tena. Ila safari hii mikono nyuma."

"Mikono nyuma vipi, Bibi?"

"Utaona."

Chapuchapu alipofika, Bibi Mkunga alimweka kwenye kiti kilicho kando yake. "Wodini kwetu, mwanafunzi alianza kwa kufunga mikono mgongoni. Anayezaa ni mama. Wewe kazi yako ni kumwambia yuko wapi na nini kinafuata. Ukimvuta mtoto kwa pupa, unaumiza wawili."

"Bibi, nitakufa na mikono hii."

"Hukufa ngazini, hutakufa kitini."

Wakaanza. Kwanza picha. Bibi mwenyewe alizinakili moja baada ya nyingine kwenye kifaa kidogo cha kuhifadhia, akakichomoa, akakitia kwenye kikebe cha vifungo. Ndipo akapumua. Kisha akachomeka flashi kwa mkono wake, na mlima ukatokea, lakini sasa haukumtisha sana.

"Barua zangu zilikuwa kushoto," alisema.

"Unaweza kuziweka kushoto. Bonyeza hapo, usiachie, vuta. Polepole. Hivyo hivyo!"

"Na herufi ni ndogo kama mayai ya chawa."

"Zikuze. Kitufe kile cha chini. Hapana, hicho... Bibi, niruhusu kidole kimoja tu."

"Mikono nyuma!"

Chapuchapu aliuma midomo. Kidole chake kikabaki mgongoni, na herufi zikakua mpaka zikasomeka kutoka mlangoni. Bibi Mkunga alicheka kwa sauti, kicheko cha mtu aliyefungua mlango kwa ufunguo wake mwenyewe.

Waliponyoosha miguu, aliuliza jambo lililomkaa moyoni tangu ukutani kwa Jirani. "Nani ametengeneza kitu hiki, kisha akakitoa bure? Anataka nini?"

Safari hii Chapuchapu hakukimbia. Alifikiri. "Si mtu mmoja, Bibi. Ni wengi, wametawanyika duniani. Wengine wanalipwa kwa kazi hiyo, wengine wanapenda tu. Mmoja akiona kasoro anairekebisha, kisha anawaonyesha wenzake alivyofanya."

"Basi ni wakunga," alisema Bibi Mkunga.

"Wakunga?"

"Mie nilifundishwa kumgeuza mtoto aliyekaa vibaya na mama mmoja aliyefundishwa na shangazi yake. Hakunificha. Nami sikuwaficha waliokuja nyuma yangu. Ungeficha, ungekuwa muuaji." Akakigeukia kioo. "Na mimi nikikwama?"

"Utaniita."

"Na wewe ukikwama?"

"Nitawauliza wenzangu. Wapo wanaojibu hata usiku wa manane, watu ambao sijawahi kuwaona."

Bibi Mkunga aliitikia kwa kichwa, lakini hakuridhia bado. Aliutumia mfumo ule kutoka kwenye flashi siku kadhaa, kama mtu anayejaribu viatu sebuleni kabla ya kutoka navyo. Akaongea na binti yake, uso haukuganda. Mwisho akamwita Chapuchapu, naye akakaa, akafunga mikono bila kuambiwa, na Bibi Mkunga akabonyeza mwenyewe kitufe cha kuuweka moja kwa moja.

Simu ilikuja alfajiri. Kwenye kioo paling'aa kitu cheupe, kikubwa, kisichosogea.

"Mkwe," alisema Bibi Mkunga, "geuza simu, naona dari."

"Samahani, mama! Mikono inatetemeka."

Simu ikageuka. Binti yake alikuwa kitandani, jasho usoni, nywele zimetimka. Akaangalia kioo. "Mama. Mama, siwezi."

"Ninakuona," alisema Bibi Mkunga. "Nipo hapa. Nitazame mimi. Usipigane nayo, pumua nayo. Haya, pamoja."

Akapumua naye. Mkunga wa kule, mwanamke mnene mwenye uso mwema, alitupa jicho kwenye simu, akaelewa mara moja anatazamana na nani, akampungia mkono na kusogea kidogo ili mama mtu aone. Bibi Mkunga hakukusahau kule kusogea kwake maisha yake yote. Uso haukuganda hata mara moja. Walipumua, wakapumua, na ghafla chumba kidogo cha mtaani kikajaa kilio cha mtoto mchanga kutoka ng'ambo, kikali, chenye hasira, kizuri.

Bibi Mkunga alipiga ukelele uliowaamsha mbwa.

Jirani aliingia akiwa amejifunga shuka na kushika mkasi. "Wezi?"

"Mjukuu!"

Jirani alikiona kile kichwa kidogo chenye nywele zilizolowana, akaweka mkasi chini, akalia kabla ya bibi mwenyewe. Alikaa mpaka mtoto akanyonya. Ndipo akajipangusa na ncha ya shuka. "Ule mfumo wako wa kuvunja upishi," alisema, akitazama pembeni, "ungekubali na mashine yangu? Nimeiwekea chungu cha maua juu. Nina dada ambaye sijamwona uso tangu ahame."

Jioni Bibi Mkunga alivuka ukuta na flashi mfukoni. Chapuchapu aliwafuata, akakaa nyuma kabisa akila karanga, wazee wawili wakibishana mbele ya kioo.

"Bonyeza."

"Nikiharibu?"

"Ni majaribio. Ukichomoa, yanarudi ya jana."

Dada mtu alipotokea, Jirani alikisogelea kioo mpaka pua ikakaribia kukigusa. Walitazamana tu, wakicheka, wakafuta macho, wakacheka tena.

Jirani aliwasindikiza wageni wake mpaka barazani.

"Usidhani nakuhitaji," alimwambia Bibi Mkunga. "Nimeshaelewa yote."

"Sijasema neno."

"Ila herufi zangu bado ndogo." Alivuta shuka mabegani. "Na hata zingekuwa kubwa, kesho upite tena, shoga yangu. Njoo mapema, tukae."