Banda Lililomeza Moshi

Asubuhi ya tano mfululizo Mama Kanyere alifungua banda, akakuta kuku mwingine amelala pembe ileile, miguu juu, hana jeraha, hana mafua, manyoya yanang'aa kama anangoja kupigwa picha. Kuku thelathini wa mayai sasa walikuwa ishirini na watano. Akaapa: akifa wa sita, Jumapili wachoma kuku wa mtaa wa Katoyi watawabeba wote, yeye atarudia kuuza maharagi.

Majirani walisema ni mazuku, ile hewa mbaya inayotoka ardhini na kuua kimyakimya. Lakini hapa Mugunga hata mtoto anayenyonya anajua kwamba mazuku hukaa mashimoni, na banda la Mama Kanyere limekaa juu kabisa ya rundo la mawe ya volkano, kama kofia. Ili yafike kule, mazuku yangehitaji ngazi.

Ndiyo maana Prodige, agronome, mtaalamu wa kilimo anayechunguza jinsi hewa inavyotembea ndani ya mabanda ya mifugo, alipokelewa kama padri. Alikuwa na kimashine cha kupima hewa, chenye pangaboi dogo. Akakishika mbele ya kifua, akazunguka nacho.

"Mama, hewa hapa ni muzuri. Inaingiaka na dirisha, inapata joto, inapanda, inatokea mu paa."

"Sasa kuku yangu inakufa na nini? Na aibu?"

Prodige akaweka kimashine mfukoni. Akawatoa kuku, akawasha majani mabichi ya mkaratusi kwenye mbabula, jiko la makaa, ili moshi wenyewe uwaonyeshe njia. Moshi ukapanda hadi mabegani, ukasita kama mtu aliyesahau alichokuja kuchukua, ukapoa, ukashuka. Ukatambaa mpaka ile pembe, ukaingia katikati ya mbao za sakafu. Ulinyweka wote, kama kasiksi, pombe ya ndizi, kwa mrija. Wao wawili walibaki wametazama paa, wanangoja kitu ambacho hakikutoka.

Kelele zikasikika huko bondeni.

"Ni nani anapika mu choo yangu?"

Alikuwa Muzee Ntirenganya, jirani wa chini, hatua themanini kutoka bandani. Ametoka chooni ameshika suruali kwa mikono miwili, moshi unamfuata nyuma kama mbuzi wake. Mpaka leo anaapa ulimnyanyua mita nzima. Waliouona ukitoka ardhini walidhani ni volkano. Familia tatu zilikuwa zimeshafunga magodoro Prodige alipowafikia, anahema, kuwaambia ni mkaratusi tu.

Muzee akapanda kilima.

"Kama moshi yenu inashuka kwangu muchana, asubuhi nini inapanda kwenu?"

"Muzee, unasema kuku zangu zinakufa sababu ya choo yako?"

"Choo yangu ni safi kuliko salon ya nyumba yako!"

Prodige alikuwa amechora banda kwenye daftari, na mishale ya hewa. Akaligeuza juu chini, akaligeuza tena, mwisho akampa Mama Kanyere, kana kwamba yeye ndiye aliyechora.

Kuku wakalala jikoni, wakachafua kila sufuria. Alfajiri Prodige akarudi na mshumaa juu ya sahani iliyofungwa kamba. Kifuani, mwali ulisimama wima. Gotini, ukacheza. Kwenye pembe, karibu na sakafu, ukazimika kama umeng'atwa. Akauwasha, akaushusha. Ukazimika tena.

"Mazuku," akasema polepole.

"Huku juu?"

"Mu mawe kuna njia kama bomba. Labda. Muchana inavuta, usiku inatapika. Na miye mashine nilishika hapa." Akagusa kifua.

"Kuku yangu haina pua hapo."

"Mama, hizi bâche, turubai za ukuta, ulizipigilia lini?"

"Ile juma iliyopita. Baridi ya ziwa ilikuwa inasumbua kuku..."

Akahesabu siku kwa vidole. Kuku wa kwanza alikufa kesho yake. Aliwafungia kifo ndani kwa mikono yake, akidhani anawafunika. Akaanza kuzing'oa bâche.

"Pole pole, mama, baridi nayo inauaka."

"Sasa nifanye nini?"

"Toa za chini, acha za juu. Labda."

"Labda yako iko mingi!"

Jumamosi Mama Kanyere akatoa bâche za chini, akapigilia mbao za kulalia usawa wa bega. Kuku wale hawakuwahi kulala juu. Aliwapandisha mmoja mmoja jioni nzima, nao wakidondoka kama viatu vilivyotupwa.

Jumapili wachomaji waliwahi kufika na vitunga vyao, kungoja wa sita. Mama Kanyere akafungua mlango. Juu, ishirini na wanne. Mmoja yuko chini, pembe ileile, ametulia. Akainama kumshika. Kuku akainua kichwa, akasogea kando. Palikuwa na yai, bado la moto.

Akampigia Prodige. "Hakuna iliyokufa. Lakini moja imelala palepale pa mazuku, na imetaga!"

"Labda baada ya kutoa bâche..."

"Ao ilishuka sasa hivi?"

"Inawezekana."

"Ni bâche, ni mbao, ao ni hii mukaidi? Nieleze!"

Kwenye simu ikasikika kalamu ikiandika. Mama Kanyere akawaambia wachomaji warudi na vitunga vitupu. Akambeba yule kuku, akamweka juu ya ubao. Kuku akamwangalia, akaruka chini. Akambeba tena.