Chupa Nne kwa Kila Uso

Karatasi ya chuo, ya vifaa vinavyotakiwa, ilikuwa na mistari ishirini na mitatu. Ghizlane alinisomea yote jikoni nikichambua dengu za supu ya harira, na alipofika mwisho akaigeuza kifudifudi mezani, kana kwamba ikitazama chini haitatudai kitu.

"Hebu rudia ule wa kumi na moja," nikamwambia.

"'Rangi za ngozi za kutosha uso wowote.' Hapo ndipo nilipokwama, Bibi. Wenzangu wamenunua masanduku yaliyojaa tayari. Rim ana chupa kumi na mbili za fandesheni, amezipanga kama watoto wa shule mstarini."

"Na wewe unaweza kununua ngapi?"

"Nne. Nikijibana sana."

Huyu ni mtoto wa binti yangu Naima, anayefanya kazi Tanja kwenye kiwanda cha nguo. Ghizlane naye alikunja mashati katika kiwanda hicho miaka miwili, akarudi kwangu Fes na kikohozi na nia moja tu, kusomea urembo. Mama yake alikubali kwa sharti: mwaka mmoja, na asipopata cheti anarudi Tanja kukunja mashati. Chuoni nako walisema wazi kwamba siku ya mtihani masanduku yatakaguliwa kwanza, na ambaye sanduku lake lina upungufu hataingia. Ilikuwa imebaki miezi miwili.

Basi tukaanza kulijenga sanduku lake kidogo kidogo, kama ndege anavyojenga kiota kwa alichookota. Sanduku lenyewe lilikuwa la fundi bomba, la plastiki nyekundu, kutoka duka la vyuma. Brashi alizipata kwenye duka la vifaa vya shule, zile za wachoraji, akazikata nywele kwa mkasi wangu wa kushonea mpaka zikawa laini kama masikio ya sungura. Kisu cha siagi kikawa cha kuchotea krimu. Kisanduku changu cha vidonge vya presha, kile chenye vyumba saba vya siku za wiki, akakiosha kwa spiriti, akayeyusha vipande vya rangi za mdomo kwenye kijiko juu ya mshumaa na kumimina. Jumatatu ikawa nyekundu ya komamanga, Ijumaa ikawa waridi kavu.

"Na vidonge vyangu vikae wapi?"

"Kwenye kikombe, Bibi. Ila usije ukameza Ijumaa."

Nikamtolea wanja wangu, niliousaga mwenyewe kwa jiwe, uliotulia ndani ya kichupa chake cha shaba. Akaupokea kwa mikono miwili kwa heshima, kisha akaurudisha.

"Wa jiwe una madini ya risasi, Bibi. Mwalimu haruhusu."

"Miaka sitini naupaka, na bado nakuona vizuri sana ukinikataa."

"Jicho lako ni lako. La mteja nitaulizwa mimi."

Nilifurahi kimoyomoyo.

Zikaja zile chupa nne. Sikuelewa alivyochagua. Moja nyeupe kama maziwa, moja nyeusi kama kahawa iliyoungua, moja njano, moja nyekundu. Hakuna mtu mwenye sura ya hata moja kati ya hizo.

"Mwanangu, umeuziwa rangi za milango," nikasema.

"Tulia uone."

Akachukua sahani nyeupe ya kuku, ile kubwa ya sikukuu, akaweka tone la kila chupa pembeni. Kwa ncha ya kisu akavuta nyeupe kidogo, njano kidogo, nyekundu kama kichwa cha pini, akakoroga. Ikatokea ngozi. Nasema ngozi, si rangi. Ilikuwa ngozi ya mtu aliye hai, ya mwanamke wa miaka thelathini aliyetoka hamamu. Akaongeza nyeusi kiasi cha kulambwa na sisimizi, ikawa ngozi ya dada yake aliyeolewa mashambani na anashinda juani. Akaendelea kuzunguka sahani, doa baada ya doa, na mimi nikaacha kuchambua dengu.

Maana niliwajua. Doa la nne lilikuwa mama yangu mzazi, Mungu amrehemu, na ule umanjano wake wa homa. La saba lilikuwa marehemu mume wangu, Allal. La tisa lilikuwa mtoto wangu wa kwanza, niliyemshika siku tatu tu, na sikuwa nimeiona rangi yake tena tangu tulipomzika, wala sikudhani kwamba bado ipo mahali popote duniani. Watu wote hao walikuwa ndani ya chupa nne wakingoja kuitwa.

"Bibi, mbona unalia?"

"Vitunguu."

"Hukukata vitunguu."

"Basi nitavikata sasa hivi."

Nilipotulia nikamweleza habari za babu yake. Allal alikuwa mtia rangi wa sufu kwenye mtaa wa watia rangi kando ya mto, na kwa miaka thelathini nilimsaidia kuchovya na kuanika. Masufuria yake yalikuwa matano tu, na kutoka humo zulia zima la bibi harusi lilipata rangi zake zote. Nikamfundisha Ghizlane lile nililofundishwa mimi siku ya kwanza: sufu mbichi ni mwongo. Ikiwa imelowa huonekana imekolea, na ikikauka hupauka. Kwa hiyo siku zote chovya kuzidi unavyotaka.

"Kumbe!" akasema Ghizlane, akaandika kwenye daftari.

Laiti ningefunga mdomo.

Wa kujaribiwa alikuwa jirani yetu Hniya, aliyekuwa anakwenda kwenye karamu ya kumpa mtoto wa mpwawe jina. Ulimi wa Hniya unakata kuliko kisu cha bucha, lakini bure haikatai. Alikaa kwenye zulia, Ghizlane akakoroga, akaizidisha nyeusi kidogo kama nilivyomwambia, akampaka uso mzima haraka haraka, kisha akaingia kwenye macho na nyusi. Macho yalitoka mazuri ajabu. Ila kila nilipomtazama Hniya, niliona anazidi kukolea, kama chai iliyosahauliwa jikoni.

Alipopewa kioo alikaa kimya. Hniya kukaa kimya ni jambo la kutisha.

"Lalla Yamna," akaniita mwishowe, "mmenipeleka karamuni au mmeniweka kwenye makaa? Hii si bilinganya ya kuchomwa ya zaaluki?"

"Itapauka ikikauka," nikasema.

"Imekauka! Ikizidi kukauka watanimenya!"

Akanawa kwa sabuni ya zeituni huku akitaja majina ya ukoo wetu mmoja mmoja, akaondoka na macho mazuri juu ya mashavu mekundu kwa kusuguliwa.

Ghizlane alikaa na sahani mapajani. Alipaka doa dogo kwenye kifundo cha mkono wake, akalitazama bila kupepesa. Nami nikakaa karibu. Tuliona kwa macho yetu: krimu, tofauti na sufu, ikikauka juu ya ngozi inakolea. Inakwenda njia ya kinyume kabisa. Ngozi ina mafuta yake, ina joto lake, inaijibu rangi.

"Mimi ndiye niliyekuponza," nikasema. "Nimekufundisha sufu."

"Hapana, Bibi. Mimi ndiye sikungoja."

Tangu siku hiyo akawa anangoja. Anaweka alama moja kwenye taya ya mtu na kuiacha muda wa chai ya nanaa kukolea birikani, ndipo aamue. Akapaka watu wa mtaa mzima: muuza mkate, mwosha maiti, mke wa imamu na binti zake sita. Kila doa lililokubali akalibandika kwenye daftari na kuandika kipimo chake. Hata Hniya alirudi, eti kuchungulia tu, akakaa kwenye zulia bila kuombwa.

Siku ya mtihani kila mwanafunzi alitakiwa kuja na mtu wa kupakwa. Wa Ghizlane nilikuwa mimi. Niliutayarisha uso wangu kwa maji ya waridi siku tatu.

Mwalimu wao, Bi Ouafae, ni mwanamke mrefu asiyecheka ovyo. Alikagua masanduku moja moja. Alipofika kwetu, Rim akamnong'oneza mwenzake, "Fundi bomba amefika, mfereji gani umeziba?" na wasichana wakaangua kicheko. Mwalimu akachukua kisanduku changu cha vidonge, akafungua Jumatatu, akafunga. Akanusa brashi kama zimeoshwa. Kisha akaziona chupa nne.

"Mstari wa kumi na moja. Rangi za uso wowote ziko wapi?"

"Ziko humo, Mwalimu," Ghizlane akasema na kumpa daftari.

Mwalimu akafunua kurasa taratibu. Nyuso za mtaa wetu zote zilikuwa pale, madoa mia na zaidi. Nikaona kidole chake kikisimama juu ya doa moja na kukaa hapo.

"Daftari si uso," akasema. "Nakuruhusu uingie. Mtihani utaamua."

Kisha akatangaza jambo ambalo hakuna aliyelijua. Watu wa kupakwa watabadilishwa kwa kura. Mimi nikaangukia kwa Rim. Ghizlane akampata mwanamke aitwaye Saadia, mtu wa kusini, wa Zagora, aliyeletwa na mwanafunzi mwingine. Saadia alipovua kitambaa alichojifunika usoni, darasa zima likageuka. Ngozi yake ilikuwa nyeusi ya kupendeza, na juu yake mabaka meupe, moja kwenye shavu hadi taya, moja kidevuni, na dogo juu ya nyusi ya kushoto kama jani. Ugonjwa ule usiouma unaokula rangi.

Rim akahesabu chupa zake kwa macho, akashusha pumzi kwa kuwa hakumpata yeye.

"Kazi ni kusawazisha rangi ya ngozi yote, halafu urembo wa harusi," akasema mwalimu. "Saa moja na nusu. Anzeni."

Rim akanivamia kwa sifongo. Mimi sikumwona, jicho langu lilikuwa kule. Ghizlane hakushika brashi. Alipiga goti mbele ya yule mama.

"Lalla Saadia, unataka niyafunike, au niyaache?"

Saadia akamtazama kama aliyeulizwa kwa lugha nyingine. "Mwalimu amesema yafunikwe."

"Nimemsikia. Nakuuliza wewe."

Mama yule akafikiri. "La shavuni na la kidevuni funika. Nataka nijione siku moja nilivyokuwa. Hili la juu ya jicho liache. Lilitoka nikiwa na mimba ya mwanangu, nimelizoea. Wajukuu hulibusu."

Akiliacha, amevunja agizo la mtihani. Nilitaka kumwita nimwambie lifunike tu, mtoto, upate karatasi yako. Lakini Rim alikuwa ananipaka mdomo.

Ghizlane akakoroga. Nyeusi, nyekundu, njano, na chembe ya buluu aliyoikwangua kwenye rangi ya macho. Akaweka alama tatu kwenye baka la shavuni, akakaa kitako, akangoja. Chumba kizima kinakimbia, yeye amekaa. Bi Ouafae akasimama nyuma yake.

"Unangoja nini?"

"Nangoja ngozi ijibu, Mwalimu."

Ya kwanza ikageuka kijivu. Ya pili ikazidi kukolea. Ya tatu ikazama. Mungu ni shahidi wangu, niliitazama ile alama ikizama ndani ya shavu mpaka sikujua tena ilipokuwa. Akachukua ile ya tatu, akafunika kwa kupigapiga, tabaka jembamba juu ya tabaka, na weupe ukaondoka kama ukungu unavyoondoka mlimani, bila kuona ulikokwenda. Nimeishi miaka sabini na nne, nimeona sufu ikitoka masufuriani kwa rangi ambazo wafalme walinunua, lakini sijawahi kuona uso wa mtu ukirudi nyumbani kwake.

Muda ulipokwisha mwalimu akapita na karatasi yake. Kwa Rim aliandika haraka. Mimi nilikuwa mweupe kama ukuta wa zawiya siku ya sikukuu, na shingo yangu ya jana imebaki chini. Kwa Saadia akasimama, akainama, akamgeuza kidevu kwenye mwanga wa dirisha, akatafuta mahali pa kushika kasoro. Hakupata. Ndipo akagusa juu ya nyusi.

"Na hili? Nilisema ngozi yote."

Ghizlane akafungua mdomo, lakini Saadia akamtangulia. "Hilo ni langu, Mwalimu. Yeye aliniuliza."

Bi Ouafae alilitazama tena lile baka. Kisha akaandika, na kwa kuwa niliketi karibu nikaisoma, maana tarakimu sijazisahau: kumi na nne kati ya ishirini. Akanong'ona, kama mtu anayejisemea, "Alama mbili nimezikata kwa kutofuata agizo. Hazitakuzuia kupata cheti." Akasogea meza nyingine.

Ghizlane hakuruka wala kupiga kelele. Alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili, vidole vikawa vyeupe.

Saadia alikuwa bado na kioo. Aligusa shavu kwa ncha ya kidole, kwa hofu, kama anayebisha hodi. Kisha akakunja kile kitambaa cha uso, akakitia mkobani.

"Binti," akasema, "mwezi wa nane namwoza mwanangu. Saluni yako iko wapi?"

Mjukuu wangu akanitazama. Saluni! Tulikuwa na zulia, dirisha moja na birika.

"Sema na bibi yangu," akasema. "Ndiye mwenye nyumba."

Nami nikamwelekeza Lalla Saadia njia, kona kwa kona, mpaka mlangoni kwetu.