Makato ya Machi

Timotheo alikuwa karani wa mishahara katika kiwanda cha mbao nje kidogo ya Nyololo kwa miaka ishirini na mbili, na katika miaka yote hiyo hakuna mfanyakazi aliyewahi kumwita mwongo. Watu walimfuata dirishani na maswali yao: kwa nini nimekatwa hiki, mkopo wa Saccos umebaki kiasi gani, likizo yangu inalipwa lini. Alichosema Timotheo walikwenda nacho nyumbani, wakapangia mambo yao.

Kalinga naye alifanya hivyo hivyo.

Kalinga alikuwa fundi wa msumeno mkubwa, mtu wa maneno machache. Mtoto wake wa pekee wa kiume, Anord, alibatizwa akiwa mikononi mwa Timotheo, na tangu siku hiyo wanaume hao wawili waliitana mzazi mwenzangu. Anord alipogongwa na lori barabara kuu, akiwa na miaka kumi na tisa, Timotheo ndiye aliyeingia mochwari kumtambua, kwa sababu Kalinga alifika mlangoni akashindwa kuingia.

Mwaka ukapita. Kaburi likabaki tuta la udongo, na mvua za Mufindi zikawa zinalila kidogo kidogo.

Mwezi wa pili ilikuja barua kutoka makao makuu ya kampuni, Mbeya. Malipo ya kila wiki mbili yalikuwa yanafika mwisho. Nusu ya Machi ingelipwa tarehe kumi na tano, nusu iliyobaki mwisho wa mwezi, na kuanzia Aprili mshahara ungekuwa mmoja tu, wa mwisho wa mwezi. Jioni hiyo hiyo Kalinga akasimama dirishani.

"Mzazi mwenzangu, nataka kumjengea mtoto. Mama kule Idodi anasema anaogopa kufa hajaona. Nipange siku gani?"

Timotheo aliisoma barua mara mbili. "Tarehe kumi na tano unapata nusu yako kama kawaida. Panga Jumamosi, kesho yake."

"Una hakika?"

"Barua hii hapa. Panga."

Kalinga akapanga. Akazungumza na katekista kuhusu sala ya kubariki kaburi, akapatana bei na fundi, akapeleka habari Idodi kwa ndugu zake. Matofali alikuwa amekwisha kuyanunua moja moja tangu msiba. Ilibaki saruji, nondo, hela ya fundi na chakula cha wageni, na vyote hivyo vilikuwa vinasubiri tarehe kumi na tano.

Jumatano ya wiki hiyo karatasi za mishahara zilifika kwenye kompyuta ya Timotheo. Alipozifungua alidhani amekosea faili. Mfumo mpya ulikuwa unahesabu makato kwa mwezi mzima: pensheni, chama cha wafanyakazi, mkopo wa Saccos, mfuko wa rambirambi. Zamani kila kato liligawanywa mara mbili. Safari hii yote yalikuwa yametolewa kwa mkupuo kwenye nusu mshahara. Kalinga, aliyezoea kupokea elfu tisini na nane, aliandikiwa elfu thelathini na sita na mia sita.

Timotheo alipiga simu Mbeya, ikaita mpaka ikakatika. Alhamisi alfajiri akapanda basi; nyuma yake karatasi ziligawiwa kiwandani. Saa sita mchana alikuwa makao makuu, mtaa wa Soweto, ghorofa ya pili, mbele ya meza ya Eveline, mhasibu kijana aliyesimamia mfumo huo. Eveline alimpa kiti na maji ya kunywa, akamsikiliza hadi mwisho.

"Mzee wangu, nakuelewa," alisema. "Lakini hakuna aliyepoteza hata senti. Mwisho wa mwezi watalipwa ile nusu nyingine bila kato lolote. Ukijumlisha, mwezi ni ule ule."

"Mwezi ni ule ule, ndiyo. Ila kuna mtu ana shughuli yake keshokutwa."

"Shughuli gani?"

"Anamjengea mwanawe kaburi."

Eveline akageukia kompyuta, akabonyeza hapa na pale, kisha akatikisa kichwa. "Malipo yalishakwenda benki jana. Na advansi za mshahara zimefungwa mpaka Aprili. Ningekuwa na uwezo ningefanya, kweli kabisa. Pole sana."

Timotheo alimwamini. Njiani kurudi, kama angempata mtu wa kumchukia angalau angepata nafuu, lakini alipotafuta alijiona mwenyewe tu, pale dirishani, akisema panga. Barua ilitaja tarehe. Juu ya makato haikusema neno. Yeye, karani wa miaka ishirini na mbili, hakuuliza.

Aliposhuka Nyololo alikwenda moja kwa moja kwa Kalinga. Alikuta wageni wa Idodi wamekwisha kufika, na bibi yake Anord, Bibi Rozalia, ameketi jikoni karibu na moto, amefunikwa khanga mbili kwa ajili ya baridi ya huku. Timotheo akamwita Kalinga nje, akamweleza yote. Akatoa elfu arobaini, fedha pekee aliyokuwa nayo, kwani na yeye alikatwa kama wengine.

Kalinga hakuipokea. "Saruji mifuko minane," alisema polepole. "Na dukani leo wamekataa kukopesha. Wameshasikia kiwanda kizima tumekatwa."

"Mzazi mwenzangu, mimi nilisoma barua..."

"Sawa, karani," Kalinga alisema, akarudi ndani.

Jumamosi walikwenda makaburini hivyo hivyo. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye miti. Fundi hakuwepo. Matofali yalikuwa yamepangwa pembeni, yamelowa. Kaka mkubwa wa Kalinga aliangalia tuta, akaangalia matofali, akauliza kwa sauti watu wote wakasikia: "Tumemtoa mama Idodi na mgongo wake ule kuja kuangalia udongo?"

Watu wakatazama chini. Timotheo alifungua mdomo ili aseme kosa ni la nani, lakini Kalinga alimtangulia.

"Nisameheni. Sikujipanga vizuri."

Hakumtaja mtu. Timotheo angependa atukanwe mbele ya ukoo mzima kuliko kusikia maneno hayo. Katekista akasali, wakaimba, Bibi Rozalia akainama akapapasa udongo kwa viganja viwili, kisha wakamwinua. Jumatatu walimrudisha Idodi.

Mwisho wa mwezi nusu iliyobaki iliingia, bila kato hata moja, kama Eveline alivyoahidi. Kalinga alimwita fundi. Kaburi likajengwa kwa siku mbili, likapigwa lipu nzuri, na jina la Anord likaandikwa saruji ikiwa mbichi. Walikuwepo Kalinga, mkewe na fundi tu. Timotheo alipata habari kwa watu wa kiwandani.

Wiki iliyofuata Kalinga alikuja dirishani. "Mama hawezi tena kusafiri. Mgongo umemlaza tangu aliporudi," alisema. "Una simu inayopiga picha. Msaidie aone."

Timotheo alipiga picha, akaisafisha Mafinga kwenye karatasi kubwa, na Jumamosi akapitia Iringa mjini hadi Idodi. Alimkuta Bibi Rozalia amelala kwenye mkeka, uso umeelekea ukutani.

"Kamwene, bibi."

"Kamwene, mwanangu. Ni nani?"

"Timotheo. Baba wa ubatizo wa Anord. Nimeleta picha ya kaburi."

Bibi aliigeuza picha huku na huku kwenye mwanga wa mlango, akaisogeza mpaka karibu na pua. Macho yalikuwa hayaoni.

"Nisimulie wewe," alisema.

Timotheo akapiga magoti kando ya mkeka. Alimweleza urefu na upana, rangi ya saruji, jina lilipoandikwa na msalaba ulipokaa. Alimweleza maji ya mvua yanavyoteleza pembeni bila kuchukua kitu. Bibi alikuwa akifuata kwa kidole juu ya karatasi, mahali ambapo hapakuwa na kaburi, palikuwa na nyasi tu.

"Ni laini juu?" aliuliza.

"Laini, bibi."

"Mimi nilishika udongo," alisema. "Mkononi ninao ule udongo."

Timotheo alikaa pale, akiwa ameushika mkono ule, mpaka bibi akapitiwa na usingizi.